Masomo ya Mikono katika Nchi Yetu ya Tanganika

Yubile ni wakati wa kuhesabu. Tunahesabu wabatizwa, tunahesabu ndoa, tunawakumbuka makatekista waliotutangulia kaburini. Lakini iko hesabu moja ambayo husahauliwa mara nyingi, ndiyo hesabu ya watu waliojifunza kazi kwa mikono yao karibu na ukuta wa misioni, wakaishi kwa kazi ile maisha yao yote. Sisi wa Kabimba hatuwezi kuisahau bila aibu, kwa maana mji wetu ulijulikana kwa simenti. Wababa waliochimba mawe, wakayasaga na kuyachoma, hawakupata ujuzi wao wote katika kitabu. Waliupata kwa kusimama kando ya fundi siku baada ya siku, mpaka jicho likazoea rangi ya moto. Kwa hiyo ni haki kuuliza: katika nchi hii ya kando ya ziwa, shule ilifundisha mikono ya watoto kwa namna gani? Na tunda la kazi ile lilikuwa la nani?

Wazee wetu hawakungoja misioni ili wafundishe. Kwa Waholoholo, Watabwa na Wabembe, mtoto wa mvuvi alijua kutengeneza wavu kabla ya kuruhusiwa kuutupa majini, na msichana alifinyanga chungu kando ya nyanya yake. Chungu kilichofinyangwa vibaya kilipasuka motoni, wala hapakuwa na haja ya kumgombeza mtoto. Moto wenyewe ulikwisha kumsahihisha. Na chungu kilichotoka kizima kilipikiwa chakula cha nyumba ileile. Neno hili la mwisho tulishike, maana tutalihitaji mbele.

Mapadri Weupe walifungua misioni ya Kibanga mwaka wa 1883. Mwaka wa 1885 wakapokea boma la Mpala, lililojengwa na Emile Storms miaka miwili mbele yake, na mwaka wa 1887 akafika Kapiteni Léopold Joubert kulinda watu juu ya wafanyi biashara ya watumwa. Watoto wengi wa misioni hizo za kwanza walikuwa wamekombolewa katika utumwa. Tusipite haraka hapa. Mtoto wa namna hii hakuwa na baba wala mama wa kumwuliza Padri kwa nini mwanawe anabeba udongo saa za kushika kalamu. Alilishwa, alivikwa, alifundishwa sala na kusoma, naye alifanya kazi aliyopewa. Wema wa wale waliomkomboa ulikuwa wa kweli. Na nguvu yake ya kukataa ilikuwa ndogo sana. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja tangu siku ya kwanza.

Mwaka wa 1893 Kibanga iliachwa kwa sababu ya magonjwa, na watu wake wakahamishiwa Kirungu, mahali palipoitwa Baudouinville, misioni iliyoanzishwa mwaka uleule na Padri Victor Roelens. Hapo kazi ya mikono ilikua kupita mahali pengine po pote katika pande zetu: bustani zilizonyweshwa kwa mifereji, ngano, kahawa, useremala, na zaidi ya yote matofali. Wageni wanaosimama mbele ya kanisa kubwa la Kirungu husifu ukubwa wake. Mimi huwaomba wafikiri juu ya tofali moja tu. Udongo wenye mchanga mwingi huvunjika. Udongo wenye unamo mwingi hupasuka ukikauka. Tofali likianikwa juani upesi mno huharibika, na likitiwa tanuruni lingali bichi ndani, hupasuka kwa mvuke. Tanuru lazima ipangwe ili moto upite katikati, na kuni zihesabiwe, maana moto ukizimika usiku wa pili kazi yote imepotea. Aliyejua mambo hayo yote alikuwa amesoma hesabu, na elimu ya udongo, na elimu ya joto, ijapokuwa hakuna aliyempa cheti.

Je, alifundishwa kwa nia hiyo, au aliokota ujuzi kama kuku anavyookota mtama chini ya kinu? Hapa lazima tutazame mbali kidogo. Roelens aliwekwa Askofu mwaka wa 1896. Mwaka huohuo, katika mji wa Chicago kule Marekani, mwalimu wa falsafa aitwaye John Dewey alifungua shule ndogo ya watoto. Humo walipika, walifuma nguo, walifanya useremala; lakini si kwa kutafuta faida ya chakula wala ya nguo. Mtoto aliyepika alipelekwa mpaka kwenye maswali ya kemia. Aliyefuma alifuatishwa historia ya pamba na sufu. Kazi ilikuwa mlango wa fikira. Hapo ndipo tofauti ilipo. Katika shule ya Dewey swali lilikuwa la mtoto, na kitu kilichotengenezwa hakikuwa shabaha. Kirungu kanisa lilipaswa kusimama, na mvua haikungoja maswali ya mtoto.

Hata hivyo, kazi yenye faida na kazi yenye fikira si maadui. Katika Marekani ileile, kule Tuskegee, Booker T. Washington na wanafunzi wake weusi walifyatua matofali ya kujengea shule yao wenyewe. Tanuru lao liliharibika mara tatu. La nne ndilo lililofaulu. Nyumba iliyojengwa ilikuwa ya kwao, na matofali yaliyozidi waliyauza, hata majirani weupe wakaja kununua. Tofali ni lilelile la Kirungu. Kilichobadilika ni mwenye tofali.

Ng'ambo ya ziwa, Karema, inayotazamana na Mpala yetu, aliishi mtu ambaye mikono yake ilifundishwa vizuri kuliko wote. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibiwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe mwaka wa 1876. Kardinali Lavigerie aliona kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, wala hakutaka vijana wake wafanywe kama Wazungu. Akaamua wajifunze utabibu, naye akafungua kwa ajili yao nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka wa 1881. Atiman alisoma huko, akafika Karema mwaka wa 1889, akaganga watu hapo mpaka kufa kwake mwaka wa 1956. Alipasua, alishona vidonda, tena hakuona haya kujifunza dawa za miti kwa waganga wa nchi. Kwa maoni yangu, huyu ndiye shahidi mkubwa wa shule ya mikono katika ziwa letu zima, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mikono ni ya mtu asiyeweza kitabu. Alipewa vyote viwili.

Waliofuata hawakupewa vyote viwili. Tarehe 26 mwezi wa tano 1906, Baba Mtakatifu na Serikali Huru ya Kongo walifanya mapatano. Misioni zingepewa ardhi, hektari 100 mpaka 200 kwa kila mahali, nazo zingefungua shule yenye kufundisha kazi za shamba na za msitu pamoja na ufundi wa mikono. Maneno hayo ni mazuri yakisomwa peke yake. Lakini Serikali ile ilikuwa ikikusanya mpira kwa nguvu, na watu wake hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba jembe la shuleni ni tofauti na jembe la kodi. Mwaka wa 1921 ikafika Kongo Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones. Ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Ikasifu masomo ya shamba na ya ufundi kuliko masomo ya vitabu. Kule kwao W. E. B. Du Bois alimpinga Jones kwa ukali, akisema kwamba mtu mweusi anafundishwa mikono ili asidai haki ya kichwa chake. Ubishi ule wa Marekani ungeweza kufanywa chini ya mwembe wa Kalemie bila kubadili neno.

Jibu la wazazi wetu lilionekana wazi. Waliona kwamba Stefano Kaoze, aliyefundishwa Kilatini, aliandika juu ya fikira za watu wa kwao katika gazeti la Ubelgiji mwaka wa 1910, kisha tarehe 21 mwezi wa saba 1917 akapewa Upadri, wa kwanza katika Kongo nzima. Waliona pia kwamba karani wa Albertville alivaa viatu, na mfyatua matofali hakuvaa. Halafu serikali yenyewe ikathibitisha mashaka yao. Kwa programu ya mwaka wa 1948, baada ya miaka miwili ya kwanza watoto waligawanywa: wengi waliingia daraja la pili la kawaida, miaka mitatu, lenye shamba na kazi za kijijini, wachache wakachaguliwa kuingia daraja lingine la miaka minne, lenye njia ya kwenda sekondari. Jembe likawa alama ya mtoto asiyechaguliwa. Ni mzazi gani angelipenda? Wanaolaumu watu wa Kongo kwamba wanadharau kazi ya mikono wasome kwanza ratiba ile ya 1948.

Jaribio zuri kuliko yote lilifanyika mbali na sisi, kusini ya Tanzania, karibu na Songea. Kijiji cha Litowa na vijiji vilivyoshirikiana nacho, katika chama kilichoitwa Ruvuma Development Association, viliendesha shule yao wenyewe katika miaka ya 1960. Haikuwa shule ya serikali wala ya misioni. Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka. Watoto wa vijiji vile walikaa bweni Litowa, walilima, walifuga, na maisha ya kijiji ndiyo yaliyokuwa kitabu chao cha kwanza. Wala hawakupewa mtihani wa kutoroka kijiji kama ndiyo shabaha ya kusoma. Rais Nyerere alipotoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa tatu 1967, Litowa walikuwa wamekwisha kuyatenda mengi yaliyoandikwa. Na mavuno yalirudi kwa watoto na kwa wazazi wao, kama kile chungu cha nyanya.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwezi wa tisa 1969 chama tawala cha TANU kilikivunja kile chama cha vijiji, mali yake ikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Wakubwa wa siasa hawakupenda vijiji vinavyojiamulia. Katika shule nyingi za nchi ile Elimu ya Kujitegemea ikabaki shamba la kulima chini ya fimbo. Kwetu Zaire mambo hayakuwa mema zaidi. Salongo ya miaka ya 1970 ilitoa watoto na majembe yao kulima pasipo kujua watavuna nini. Mwishoni mwa 1974 shule za makanisa zilitwaliwa na serikali, na tarehe 26 mwezi wa pili 1977 zikarudishwa kwa mapatano mapya. Zilirudi zikiwa maskini, na kazi ya mikono ndani yake mara nyingi ilikuwa kufagia uwanja tu.

Tangu mwezi wa tisa 2019 karo ya shule za msingi za serikali, pamoja na zile za mapatano, ilifutwa, na madarasa yakajaa. Mwalimu mwenye watoto wengi hivi huona ni rahisi zaidi kuandika ubaoni na kuwaambia wanakili. Simlaumu. Lakini Kabimba ina kitu ambacho Litowa hawakuwa nacho: wazee waliofanya kazi ya mawe na moto, ambao wengine wao watakaa kwenye viti vya mbele siku ya Misa ya Yubile. Mmoja wao akiitwa shuleni asubuhi moja tu, pamoja na debe la udongo na kipande cha jiwe la chokaa, watoto watakuwa na maswali ya juma zima. Na kama siku moja watafyatua matofali, hesabu ya matofali na bei yake iandikwe kwenye ubao wa darasa, kwa chaki, mahali ambapo wazazi wanaweza kuisoma.