Jinsi ya kuondoa programu zisizotakiwa kwenye kompyuta ya ofisi

Katika ofisi za mawakala wa forodha wa Bwera na za wasafirishaji wa Kasese, kompyuta moja hubeba mengi: matamko ya forodha, ankara, orodha za mizigo na barua za wateja. Baada ya muda hujaa pia michezo, programu za matangazo na antivirusi zilizokwisha muda, na kasi hupungua. Kuziondoa ni vyema. Lakini ikiondolewa programu isiyostahili, tamko halitumwi na lori hubaki limesimama Mpondwe, gharama zikipanda.

Tambua kwanza

Usiondoe programu kwa sababu tu jina lake ni geni. Mfano mzuri ni Java. Mtumiaji haioni ikifanya kazi, lakini mfumo wa ASYCUDA World unaotumiwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, umejengwa kwa Java. Ng'ambo ya mpaka, Kasindi, mfumo huo hujulikana kwa jina la Kifaransa, SYDONIA. Kwenye kompyuta inayotegemea Java, ukiiondoa mfumo haufunguki.

Ask Toolbar ni kinyume chake. Kwa miaka kadhaa, hadi 2015, iliingia pamoja na Java, lakini haina kazi yoyote ya forodha. Hiyo iondolewe, Java ibaki. Adobe Flash Player nayo iondolewe: Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na ikawashauri watumiaji waitoe.

Angalia pia AnyDesk na TeamViewer. Programu hizi humwezesha mtu aliye mbali kuendesha kompyuta yako. Kama fundi aliiweka kwa kazi ya siku moja, usiiache.

Kabla ya kuondoa

1. Nakili nyaraka zote kwenye flashi au diski ya nje. Kama ni programu ya mahesabu, tengeneza nakala ya akiba ndani ya programu yenyewe na uandike namba ya leseni.

2. Kwenye kisanduku cha kutafutia, andika "Create a restore point" na uhifadhi hali ya sasa ya kompyuta. Hatua hii husaidia kurudisha mipangilio na programu. Hailindi nyaraka.

3. Funga programu zote. Kama ni laptopu, betri iwe imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi, programu inaweza kubaki nusu.

4. Chagua saa ambayo hakuna tamko linalosubiri.

Namna ya kuondoa

Kwenye Windows 10 na 11, bofya Start, kisha Settings, kisha Apps. Kwenye Windows 7, fungua Control Panel, kisha "Uninstall a program". Chagua jina la programu, bofya Uninstall na usome kila swali kabla ya kujibu. Ikiisha, zima kompyuta na uiwashe tena.

Kufuta alama iliyo kwenye uso wa kompyuta hakuondoi programu. Hufuta njia ya kuifungulia tu. Kufuta folda yake kwa mkono huacha mabaki na huweza kuharibu programu nyingine. Epuka pia "visafishaji" vya bure vinavyotangazwa kwenye intaneti, kwani vingine ndivyo vinavyoleta tatizo.

Baada ya kuondoa

Ondoa programu moja kwa wakati. Kabla ya kugusa ya pili, fungua mfumo wa forodha na uchapishe waraka mmoja. Hitilafu ikitokea, utajua chanzo.

Matangazo yakiendelea, tazama viongezo vya kivinjari na uondoe usivyovitambua. Kama programu iliingia yenyewe, pima kompyuta nzima kwa antivirusi. Kisha, ukitumia kompyuta nyingine iliyo salama, badili maneno ya siri ya URA, benki na barua pepe. Kuondoa programu hakurudishi neno la siri lililokwisha kuibwa.

Siku nyingine, pakua programu kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe na uondoe alama za tiki kwenye nyongeza usizozihitaji kabla ya kubofya Next.