Runinga ndiyo inayomchelewesha mchezaji

MCHEZAJI hubonyeza kitufe cha kupiga mpira, lakini mshambulizi kwenye kioo akasita kidogo kabla ya kuinua mguu. Kufumba na kufumbua, beki ameunyakua. Wengi huilaumu pedi na wengine hukimbilia dukani kununua waya wa HDMI wa bei ghali, ambao hauongezi kasi hata kidogo. Mara nyingi kiini cha tatizo ni runinga yenyewe.

Runinga za kisasa hazionyeshi picha pindi zinapoipokea. Huishika kwanza, zikaing'arisha, zikaondoa chengachenga na hata kubuni picha za ziada ili mwendo uonekane laini. Kwa anayetazama filamu, ucheleweshaji huo hauna madhara, kwani sauti nayo hucheleweshwa ilingane na picha. Kwa anayecheza, ni balaa. Mchezo wa picha 60 kwa sekunde huleta picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi. Runinga inayochelewa kwa milisekunde 100 humwonyesha mambo yaliyopitwa na picha sita.

Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa hazikuwa na kasoro hii, maana zilichora picha kadiri mawimbi yalivyoingia. Ndiyo sababu bunduki ya mchezo wa Duck Hunt, uliotolewa na Nintendo mwaka 1984, haifanyi kazi kwenye runinga bapa: ilitarajia mwanga utokee kwenye kioo papo hapo.

Tiba ya kwanza haina gharama. Katika menyu ya picha, mchezaji achague hali iliyoandikwa "Game", ambayo huzima sehemu kubwa ya mapambo hayo. Runinga nyingi huhifadhi uteuzi huo kwa kila tundu la HDMI peke yake, hivyo anayehamisha waya huenda akalazimika kuanza upya. Pasipo hali hiyo, azime kimoja kimoja vipengele vya kulainisha mwendo na kusafisha picha.

Toleo la HDMI 2.1, lililotangazwa mwaka 2017, lilileta uwezo wa mashine kuiamuru runinga iingie katika hali hiyo yenyewe. Xbox Series X na PlayStation 5, zote za mwaka 2020, zina uwezo huo, mradi runinga nayo iwe nao. Mchezo ukitoa hiari ya picha 30 au 60 kwa sekunde, 60 hupunguza kuchelewa zaidi.

Wenye mashine kongwe kama PlayStation 2 wana kibarua kigumu, kwa kuwa runinga bapa hulazimika kuyageuza mawimbi yake kwanza.

Kuchelewa kwa intaneti ni jambo jingine. Iwapo mshale unakokota miguu hata katika menyu ya mchezo usiotumia mtandao, hakuna haja ya kuipigia simu kampuni ya intaneti.