Kazi na Nyumba: Neno Moja la Historia ya Watu wa Shaba



Mtu akifika Kamatanda, pembeni ya mji wa Likasi, anaona udongo uliopinduliwa. Ni inchi ya shaba, na katika miaka ya karibuni watu wengi wametafuta riziki pale kwa sululu na mfuko. Wengine ni wakristu wetu. Tukiwauliza sababu gani hawaonekani misa ya dominika, wanajibu kama shimo haliwangoji. Tusicheke jibu hilo. Linatupasa kuuliza: kazi inamfurahisha mtu namna gani, na saa gani ni za nyumba yake? Tuwaulize kwanza waliotutangulia.

Mbele ya Wazungu kufika, wazee wa Katanga walijua kuchimba mawe ya kijani na kuyayeyusha. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza misioni ya Katanga, aliandika juu yao katika mwaka 1926, akiwaita wala shaba. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi, nyuma ya mavuno. Wanaume walichimba, wakachoma makaa, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Wanawake na watoto walisaidia kuokota mawe. Mvua ilipokaribia, watu walirudi mashambani. Tusiseme kama ilikuwa paradisi: kazi ilikuwa nzito, na wakubwa walichukua sehemu yao. Lakini kazi ilikuwa na mwisho wake. Mvua yenyewe ilisema: basi.

Katika mwaka 1906 Union Minière ilizaliwa. Katika mwaka 1910 reli ilifika Élisabethville, tena ofisi ya kutafuta watu wa kazi ikaanzishwa. Watu waliletwa kutoka mbali: Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Burundi. Hapo mwanzo mikataba ilikuwa ya miezi michache, na wengi walikuja peke yao. Magonjwa yaliwaua wengi, wengine walikimbia. Kazi ilikuwa pahali pamoja, nyumba pahali pengine. Mtu alitumika kama anayevuka mto wenyi mamba: hakutafuta furaha, alitafuta ngambo.

Kampuni iliona hasara yake. Karibu na mwaka 1928 ilianza kutoa mikataba ya miaka 3, ikakubali mtu akae na bibi yake na watoto. Ikajenga kambi, ikatoa posho, hospitali na masomo, na misioni ikapewa kazi ya kufundisha. Likasi, iliyoitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966, ilikuwa na kambi zake, kama Panda na Shituru. Tusidharau mema hayo. Watoto wengi walipona, na wazee wengi wa parokia zetu walijifunza kusoma pale.

Lakini tuangalie vizuri. Nyumba ilitolewa kwa ajili ya kazi. King'ora kiliamsha kambi yote, mkubwa wa kambi aliangalia mambo ya jamaa, na mtu aliyefukuzwa kazi alipoteza nyumba pamoja na mshahara. Katika vita, bei ya vitu ilipanda, kazi ikaongezwa, mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa desemba 1941 watu wa Jadotville na Élisabethville waliacha kazi. Askari walipiga risasi. Tarehe 9 desemba, kwenye kiwanja cha mpira cha Élisabethville, watu wengi walikufa. Wale walikuwa na nyumba na posho. Walitaka mshahara wa haki, tena walitaka kusikiwa.

Na sisi wa Eklezia? Serikali, Kampuni na Misioni walikaa kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kufundisha, katika mwaka 1891, juu ya mshahara wa haki na pumziko la mfanyakazi. Tukubali bila kujificha: katika kambi tulifundisha utii kwa sauti kubwa, na haki kwa sauti ndogo.

Nyuma ya vita hiyo jambo jipya lilionekana. Kule Ruwe, karibu na Kolwezi, tangu 1953, Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliketi pamoja na wafanyakazi na bibi zao. Aliwauliza wanatamani nini ndani ya moyo. Walisema uzima, uzazi, umoja. Hivi ilizaliwa Jamaa, na ikaenea katika kambi za shaba. Bwana na bibi walijifunza kuzungumza, kila mmoja kumpa mwenzake mawazo yake. Mtu aliyejulikana kazini kwa namba yake aliitwa Baba, na bibi yake Mama. Baadaye yalikuja makosa na magomvi, na maaskofu walipaswa kukaripia. Lakini neno la mwanzo lilikuwa kweli: kuna saa ambazo haziuzwi kwa mshahara wowote.

Katika mwaka 1967 Serikali ilichukua Union Minière, ikawa baadaye Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Miaka 10 nyuma yake haikufika tani 50,000. Katika mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliachana nayo kwa mara moja. Wengi walikuwa wamezoea kuita kampuni baba na mama. Huyo baba alipoanguka, baba wengi wa nyumba walianguka naye, sababu hawakujua heshima nyingine isipokuwa ile ya kazi. Mara nyingi mama aliyeuza unga na makaa ndiye aliyelisha wote.

Turudi Kamatanda. Mchimbaji hana king'ora wala mkubwa wa kambi. Anaonekana huru kuliko babu yake. Lakini hana kiangazi wala posho, na hakuna anayemwambia basi. Anapata feza akipata jiwe. Asipopata, anashuka tena. Kwa hiyo saa zote zimekuwa za shimo.

Basi, tumwambie nini? Tusianze na karipio. Tumwulize habari za bibi na watoto. Tusaidie wachimbaji kuweka akiba pamoja, hata kidogo, ili siku moja ya pumziko isiwe siku ya njaa. Anayeamuru pumziko bila kufikiri chungu cha nyumbani anaweka mzigo asioubeba mwenyewe.

Tena tujiangalie. Mwalimu wa dini anayetembelea nyumba za watu kila jioni, na watoto wake wanalala bila kumwona, naye amechimba shimo lake. Padri asiyejua kupumzika wala kusali kimya, vilevile. Wazee walingoja mvua iwaambie basi. Sisi hatuna mvua hiyo. Inatupasa kulisema neno hilo wenyewe, na kulisema pamoja na watu wa nyumba zetu.