Umechangia bure, hati iko kwa jina la nani?

Test zimepungua kidogo, umeme upo, basi leo tuingie kwenye historia. Washkaji wa kompyuta wamekuwa wakibishana pale vimbwetani kuhusu karatasi moja. Ni hivi: ukitaka kuchangia kwenye baadhi ya programu huria, unatakiwa kwanza usaini kwamba hakimiliki ya ulichoandika umeikabidhi kwa shirika au kampuni inayosimamia mradi. Mmoja anasema huo ni wizi wa mchana kweupe, mwingine anasema ni kinga. Nimechimba, na naona wote wawili wana hoja. Inategemea unamkabidhi nani, na yeye anakuahidi nini.

Kwanza tuelewane. Programu kuwa huria haimaanishi haina mwenyewe. Ukiandika msimbo, hakimiliki ni yako (au ya mwajiri wako) mpaka usaini vinginevyo. Leseni inawaruhusu wengine watumie, lakini mwenye hakimiliki ndiye anayeweza kubadilisha leseni hiyo, na ndiye anayesimama mahakamani ikivunjwa.

Sasa turudi nyuma hadi Marekani. Richard Stallman wa MIT alitangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Alipoandika GNU Emacs, ile programu ya kuandikia, alichukua sehemu ya msimbo wa Emacs ya James Gosling. Gosling alikuwa ameshaiuza kwa kampuni ya UniPress, nao wakamwambia Stallman aache kuitumia. Mwaka 1985 ikabidi aiondoe sehemu ile na kuiandika upya. Ukishaumwa na nyoka, unyasi unakushtua. Mwaka huohuo akaanzisha Free Software Foundation (FSF), na shirika hilo likawa linawataka wachangiaji wa Emacs, GCC na programu nyingine za GNU wasaini karatasi ya kukabidhi, tena na mwajiri naye aseme hana madai.

Faida yake ilionekana Desemba 2008. FSF iliishtaki Cisco kwa kusambaza programu za GNU ndani ya vifaa vya Linksys bila kufuata leseni. Hati zilikuwa mkononi mwa FSF, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuwatafuta mamia ya watu duniani kote. Mei 2009 wakamalizana nje ya mahakama.

Hasara nayo ilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Lucid ilitengeneza toleo lake la Emacs, ambalo baadaye likaitwa XEmacs. Kazi nzuri za upande ule zilishindwa kuingia GNU Emacs, na sababu mojawapo ilikuwa karatasi: baadhi ya waandishi hawakuwa wamesaini. Msimbo huria pande zote mbili, halafu hauunganishiki!

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha OpenOffice. Wengi mnaijua, maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kama Jambo OpenOffice. Mwenye OpenOffice alikuwa Sun, na wachangiaji walisaini karatasi iliyoifanya Sun kuwa mmiliki mwenza wa kazi zao. Msimbo uleule Sun iliutumia kutengeneza StarOffice, ikauza. Watu walinung'unika lakini wakaendelea, Sun walikuwa watu wanaoeleweka.

Januari 2010 Oracle ikainunua Sun. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba ukisaini kwa kampuni, umesaini pia kwa yeyote atakayeinunua kesho. Septemba mwaka huohuo kundi kubwa likajitenga na kuanzisha LibreOffice, na sharti la kukabidhi hakimiliki wakalitupa. Mwaka 2011 Oracle ikaipeleka OpenOffice kwa Apache, chini ya leseni nyingine kabisa. Iliweza kufanya hivyo kwa nguvu ya zile karatasi.

Linganisha na Linux. Linus Torvalds hakuwahi kudai hati ya mtu, kila mmoja anabaki na chake. Baada ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003, Linux ilianza mwaka 2004 kumtaka kila mchangiaji aweke jina lake kuthibitisha kwamba ana haki ya kutoa alichotoa. Basi. Wenye hati ni wengi mno kiasi kwamba kubadilisha leseni ni karibu haiwezekani, na hakuna wa kuiuza. Mwaka 2021 hata GCC yenyewe ikasema kuikabidhi FSF si lazima tena.

Msimamo wangu? Mkataba wa FSF una ahadi ya maandishi kwamba kazi yako itabaki huria, na unarudishiwa ruhusa ya kuitumia upendavyo. Huo ningesaini. Karatasi ya kampuni isiyo na ahadi hiyo, hapana, hata kama bosi wa leo ni mtu wa watu. Bosi anaondoka, saini inabaki.

Kwa hiyo nyie mnaotaka kupeleka project zenu za mwaka wa tatu huko nje, someni mpaka mstari wa mwisho kabla kalamu haijagusa karatasi. Haya, narudi kwenye madesa, UE hazina huruma. Tuonane wiki ijayo.