Utii wa Namugongo na Bunduki za Mengo: Wasomaji wa Buganda, 1885–1892

Kumtii Mungu wakati wa dhiki ni fundisho lililohubiriwa na wamisionari waliofika Afrika Mashariki katika karne ya 19, lakini ni katika ufalme wa Buganda, kati ya mwaka 1885 na 1892, ambako lilipimwa kwa ukali usio na kifani, na ambako waumini wa kizazi kimoja walilijibu kwa njia mbili zinazopingana.

Waanglikana wa shirika la CMS waliwasili Buganda mwaka 1877, nao Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe, wakawafuata mwaka 1879, wakati wa utawala wa Kabaka, yaani mfalme, Muteesa I. Mwanzoni walitumia Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikwisha kukizoesha katika ikulu, na kwa kuwa mafundisho yao yalikwenda sambamba na kusoma, wanafunzi wao wakaitwa wasomaji. Wengi wa wasomaji hao walikuwa bagalagala, yaani vijana waliotolewa na koo na machifu ili wamtumikie Kabaka, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kutii bila kuuliza, wakitumaini kwamba utumishi mwema ungewapatia uchifu baadaye. Utii haukuwa jambo geni kwao. Jambo geni lilikuwa kuambiwa kwamba yuko Bwana aliye juu ya Kabaka, ambaye amri yake ikipingana na ya mfalme ndiyo inayopaswa kufuatwa.

Hata hivyo, Wakristo hawakuwa wa kwanza kulijaribu wazo hilo. Karibu mwaka 1876 Muteesa aliwaua Waislamu kadhaa wa ikulu waliokataa kula nyama isiyochinjwa na Mwislamu, na waliokataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, kwa hiyo kila msomaji aliyebatizwa baadaye alijua vyema gharama ya kuiweka dini mbele ya kiti cha enzi.

Muteesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga II akarithi ufalme akiwa bado kijana, katika kipindi ambacho habari za Wajerumani kujitwalia ardhi za bara zilikuwa zikifika ikulu. Mnamo Januari 1885 wasomaji watatu wa Kianglikana waliuawa, na mwezi Oktoba Askofu James Hannington, aliyekuja kupitia Busoga, upande wa mashariki uliohofiwa kuwa njia ya wavamizi, akauawa kwa amri ya Kabaka. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi wa ndani na kiongozi wa Wakatoliki, alimkemea Mwanga kwa kifo hicho, na pia alikuwa akiwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa ya kimwili ya mfalme. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyechukua uongozi wa vijana hao, alibatizwa.

Mateso makubwa yalianza Munyonyo, kando ya ziwa, mwishoni mwa Mei 1886. Kanuni ya Mapadre Weupe ilimtaka mkatekumeni, yaani mtu anayefundishwa kabla ya ubatizo, asubiri miaka minne, lakini usiku wa kuamkia tarehe 26 Lwanga aliwabatiza mwenyewe vijana kadhaa, akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote. Kulipokucha Mwanga aliwaamuru wanaosali wajitenge na wengine, nao wakajitenga. Walifungwa na kupelekwa Namugongo, ambako walisubiri kwa takriban juma moja huku kuni zikikusanywa, kisha tarehe 3 Juni wakaviringishwa katika mikeka ya matete na kuchomwa, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Lwanga alichomwa peke yake kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mbaga Tuzinde, jamaa wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, ambaye alimsihi kijana huyo aikane imani akakataa.

Katika haya yote bagalagala hawakuinua silaha wala kufanya njama ya kumpindua mfalme, na waliendelea kumtumikia katika kila jambo ambalo halikuikiuka imani yao. Lakini hali haikubaki hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1888, ilipojulikana kwamba Mwanga alikusudia kuwatupa wasomaji na Waislamu katika kisiwa kisicho na watu, Wakristo na Waislamu, ambao sasa walikuwa na vikosi vyenye bunduki, waliungana wakamng'oa. Muungano huo ulivunjika ndani ya wiki chache, Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia ufalme jirani wa Ankole, na kuanzia mwaka 1889 wakapigana ili kumrejesha mfalme yuleyule aliyewachoma wenzao. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyehasiwa kwa amri ya Mwanga katika mateso ya 1886, aliuawa katika vita hivyo vya kumrudishia kiti. Mwanga alirudishwa, lakini Januari 1892, huko Mengo, makao ya Kabaka, Wakatoliki na Waprotestanti, yaani Waanglikana, wakageuziana bunduki, Kapteni Lugard, afisa wa kampuni ya Kiingereza, akiwasaidia Waprotestanti.

Kanisa Katoliki liliwatangaza wafiadini 22 wa Buganda kuwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964, na kila tarehe 3 Juni mahujaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo humiminika Namugongo, ambako Waanglikana nao huwakumbuka wenzao. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, ila ikitengwa na miaka iliyofuata huwafanya wasomaji wa 1886 waonekane watu wasiofanana na wale wa 1892, ilhali walilelewa katika ikulu moja, wakafundishwa katekisimu zilezile, na wote waliamini kwamba wanamtii Mungu. Kilichobadilika ni nguvu waliyokuwa nayo mkononi. Kwa hiyo historia ya Buganda inaonyesha kwamba shida ya kuteswa si mtihani pekee wa utii wa Mkristo, kwani waliovumilia mateso pamoja walishindwa kuvumiliana walipopata uwezo wa kutawala.