ATM yetu Nyalenda ina watoto wawili

Kadi yangu ya kwanza ya ATM nilipata nikiingia chuo, kwa sababu pesa ya HELB ilikuwa inapitia benki. Chuo niliacha. Kadi nayo ilimezwa na mashine fulani huko tao Ijumaa jioni, na mpaka leo sijaifuata. Kitu kimenishangaza ni kwamba hakuna siku nimeihitaji tena. Simama pale Ring Road uulize mtu ATM iko wapi: atanyosha mkono kuelekea tao, Oginga Odinga Street. Lakini muulize pesa inatolewa wapi, atakuonyesha vibanda vitano kabla hajamaliza sentensi.

Sasa mbona iko hivyo? Nimekaa nikachimba, na hii historia ni tamu kuliko nilivyodhani.

Mashine ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa na benki ya Barclays tarehe 27 Juni 1967, Enfield, kaskazini mwa London. Aliyepigwa picha akitoa pesa siku hiyo ni mwigizaji wa televisheni, Reg Varney. Kadi za plastiki unazozijua hazikutumika. Ulitumbukiza hundi maalum iliyotiwa kaboni 14 (ndio, ile yenye mnururisho, ingawa kidogo sana), unabonyeza namba ya siri, inakutemea pauni 10. John Shepherd-Barron, aliyeongoza kazi hiyo, alisimulia kwamba wazo lilimjia kwenye maji ya kuoga, baada ya kuchelewa kufika benki. Alifikiria mashine za kuuza chokoleti akajiuliza, mbona isiwe pesa? Na PIN ni tarakimu 4 kwa sababu mke wake alimwambia 6 hawezi kukumbuka. Kuna Mskoti, James Goodfellow, aliyekuwa ameshasajili uvumbuzi wake wa mashine na namba ya siri mwaka 1966, kwa hivyo ugomvi wa nani baba wa ATM haujaisha vizuri.

Lakini soma hiyo stori tena polepole. Shida ya huyo mzee ilikuwa kwamba pesa yake iko benki na benki imefunga. Omera, hiyo ni shida ya mtu mwenye benki! ATM zilipofika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980, zilikuja kutatua shida ambayo watu wengi wa hapa hawakuwa nayo. Miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi mengi mashambani na kuweka kiwango cha chini cha akiba ambacho muuza omena hangeweza. Utafiti wa FinAccess wa 2006 ulionyesha kuwa hata watu wazima 3 kwa kila 10 hawakuwa wanafikiwa na huduma rasmi za pesa. Ukitaka kutuma pesa nyumbani, unampa konda wa matatu bahasha na unaomba Mungu.

M-Pesa nayo haikuanza kama tunavyoijua. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu, na fedha za majaribio zilitoka kwa Vodafone na serikali ya Uingereza. Wateja wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Safaricom ikaizindua Machi 2007. Miezi kama kumi baadaye matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na hapa Kisumu maduka ya tao yakaporwa na kuchomwa. Watu walikuwa wamefungiwa majumbani, barabara hazipitiki, na hata kadi ya kukwaruza ya salio ilikuwa dhahabu. Huduma ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja tu, lakini mwenye jamaa Nairobi au kwingine aliweza kutumiwa kitu kwa simu. Mashine ya ukutani ingekusaidia nini, kama huwezi kuvuka barabara kuifikia?

Leo Kenya nzima ina ATM kati ya 2,000 na 3,000. Mawakala wa pesa za simu walikuwa wamepita 300,000 kufikia 2023. Watu hupenda kusema hapo "tumeruka hatua, Afrika hoyee". Mimi hapo ndipo natofautiana nao kidogo, kwa sababu kazi ya mashine haikupotea. Ilipewa mtu.

Wakala wetu ni mama wa watoto wawili. Ukitoa pesa kwake, noti unazopewa ni zake. Yeye anabaki na namba kwenye simu, inaitwa floti, mpaka aende kuigeuza tena kuwa noti. ATM ikiishiwa, benki hutuma gari lenye polisi wenye bunduki. Yeye akiishiwa anafunga kibanda, anapanda boda hadi tao, anarudi na pesa zimefichwa kwenye nguo. Noti bandia ikimpita, hasara ni yake. Akiibiwa, ni yake. Komisheni ni shilingi chache kwa kila mteja. Siku mtoto ni mgonjwa, ATM imefungwa, na sisi tunalalamika eti "huyu naye!"

Halafu bei. Kwa viwango vya Julai 2023, kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Anayetoa 2,500 haoni uchungu. Anayetoa 200 ya unga na sukuma wiki amekatwa zaidi ya 14 kwa kila 100. Yule mwenye kidogo ndiye anayetoa kidogo kidogo, kwa hivyo anakatwa kila siku. Na wanaotoa kidogo kidogo ndio wengi kwetu.

Ndio maana mtaa umetengeneza ATM yake ya tatu, ambayo haina nembo. Unamwendea jamaa wa boda ama muuza chipo aliyeuza vizuri: "Buda, nikutumie 500 unipe keshi?" Kutuma 500 ni shilingi 7. Jana usiku saa tatu mama amefunga, nikafanya hivyo na kijana wa mayai boilo. Akaangalia simu, akasubiri meseji iingie, akahesabu noti za mia mara mbili, halafu akaniambia ninunue basi hata yai moja.