Umeokota kigae cha kauri? Hivi ndivyo utakavyojua umri wake

Vyombo vya China vilifika pwani ya Tanga kwa karne nyingi, na misafara ya biashara ilipanda bonde la mto Pangani kupitia Korogwe. Kwa hiyo ukilima Korogwe au Handeni ukaokota kigae, kichunguze kwanza:

• Kijani kizito kinachong'aa: huenda ni cha Longquan, karne ya 13 hadi 15.

• Cheupe chenye michoro ya bluu: kwa kawaida si cha kabla ya karne ya 14.

• Mchanga ulioganda kwenye kitako: mara nyingi ni tanuri za kusini mwa China, karne ya 16 na 17.

• Neno "China" kwa herufi za Kiingereza: kwa kawaida ni baada ya 1891, Marekani ilipotaka bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

• Muhuri wa mfalme usikudanganye, uliigwa sana.

Dalali akija, tulia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kiache palepale, piga picha, toa taarifa halmashauri. Kigae hutaja umri wa makazi yaliyofukiwa. Kikishahamishwa, ushahidi huo umekwenda.